Hadubini Haioni Aliyetangulia

Mzee wa Maabara alikuwa akipasha moto maji ya chumvi kwa kuyaweka kwapani. Siku ya kwanza nilipomwona akifanya hivyo nilidhani ana wazimu kidogo, na sikuwa peke yangu. Manesi wa kituo chetu cha afya pale Segese walishamzoea, lakini kila mgeni alianza kwa kumtazama kwa jicho la pembeni. Alichukua kichupa cha plastiki, akakiingiza ndani ya koti jeupe, akakibana kwa mkono wa kushoto, kisha akaendelea na kazi kwa mkono mmoja kama mtu aliyeteguka bega. Akiletewa kipimo cha mama mwenye uchafu na muwasho, alikitoa kile kichupa, akadondosha tone kwenye kioo, akachanganya, akafunika, na kabla hujapata la kuuliza ameshainamia hadubini.

"Huyu mdudu wetu anaona baridi," aliniambia. "Ukimmwagia maji baridi ananyamaza. Akinyamaza, wewe utaandika hayupo."

Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu kipya, nimefika Segese nikiwa sijui hata neno moja la Kisukuma, na nilijiona ninajua kazi. Chuoni hawakutufundisha habari za kwapa. Nikacheka. Yeye hakucheka, alinisogezea kiti nitazame. Kwenye mwanga wa kioo nikawaona wale vijidudu vya zinaa, wadogo kuliko nilivyotarajia, wanarukaruka na kupinduka kama watu waliokanyaga siafu. Nilikuwa nimewachora kwenye mtihani, lakini walio hai nilikuwa sijawahi kuwaona.

Kwetu huku asubuhi ya maabara ni ya malaria. Watu wanajipanga tangu kunapambazuka, watoto wamefunikwa khanga, wachimbaji wamekaa chini na homa zao, na vioo vya damu vinapangwa mezani vinasubiri zamu. Ndivyo maabara zote za ukanda huu zinavyofanya kazi: malaria kwanza, mengine baadaye. Na hapo ndipo wanawake wengi wanapopotea. Kipimo chao kinawekwa pembeni mpaka malaria iishe, kinapoa, mdudu anatulia, anakuwa hana tofauti na chembe nyeupe za damu zilizomzunguka. Mama anaandikiwa hana kitu. Anarudi nyumbani na maumivu yake, na jirani anamwambia una UTI. Pale Segese kila mwanamke alikuwa na UTI sugu. Maduka ya dawa yalikuwa yakiishi kwa UTI sugu.

Mzee aliivunja zamu hiyo bila aibu. Mfugaji mmoja mtu mzima, fimbo mkononi, alimlalamikia dirishani kwamba yeye amefika kabla ya yule mayu, yaani yule mama.

"Wa kwako wameshakauka kwenye kioo, Baba, hawaendi popote," Mzee akamjibu. "Wa huyu mama wanakufa sasa hivi."

Yule mfugaji alidhani kuna watoto wanakufa. Alivua kofia akatupisha, na alikaa pale akiomba kimya kimya mpaka tulipomwita. Mzee alisema usimsahihishe, maombi hayajawahi kumdhuru mtu.

Alipenda kufundisha, na alifundisha kwa vitu vilivyo karibu. Kitabu kilisema mdudu ana umbo la peasi. Akauliza nani hapa Segese ameiona peasi, chora parachichi. Parachichi lenye mikia minne upande wa mbele, na wa tano umelala ubavuni, umeshonwa kwenye utando, na utando huo unapepea kama pindo la khanga. Nyuma kimechomoza kijiti. Akiogelea ana umbo hilo, lakini akishaigusa ngozi laini ya ndani ya mwanamke analegea, anatandazika kama uji uliomwagika, anaishika na kuanza kula. Anakula mpaka wale bakteria wema wanaotengeneza ule ukali wa mle ndani unaozuia wageni. Kwa hiyo mama anayejiosha ndani kwa sabuni na majani ili awe safi, Mzee alisema, anamfukuzia walinzi huku mwizi yuko mlangoni. Alikuwa na gumzo la kila namna juu ya mdudu huyu. Kwamba hahitaji hewa kama sisi, ana namna yake ya kupata nguvu na anatoa gesi. Kwamba anapenda madini ya chuma, ndiyo maana siku za hedhi hazimsumbui, anashiba. Kwamba naye ndani ya mwili wake hubeba virusi vyake mwenyewe. Hilo la mwisho lilimfurahisha kupita kiasi.

Lakini lililomgusa zaidi lilikuwa moja. Mnyoo ana yai. Amiba ana ganda anajifunika akiwa njiani. Huyu hana yai, hana ganda, hakai udongoni, haishi kwa ng'ombe wala mbuzi. Anakauka anakufa.

"Hana begi," Mzee alisema. "Umewaona hawa vijana wa rashi? Dhahabu ikisikika Runzewe, wanabeba begi wanahama. Yeye hana hata begi. Ametoka kwa mtu, ameingia kwa mtu. Kila unayemkuta naye, kuna mtu mwingine nyuma yake."

Alikuwa mzee wa kanisa, na huko alikuwa mtu mwingine kabisa. Kwenye maabara alitaja kila kiungo cha mwili bila kupepesa jicho. Kanisani walimwalika azungumze na vijana juu ya magonjwa ya zinaa, akapanda mbele na suti yake ya kahawia, akazungumza muda wote habari ya kunawa mikono. Nililetewa taarifa hiyo na nesi aliyekuwepo, tukacheka mpaka tukashika mbavu. Nilipomwuliza alisema pale hapakuwa na hadubini. Kana kwamba maneno yale yana pa kutamkiwa, na nje ya chumba chetu kidogo yanakuwa matusi.

Kwa wanawake alikuwa mpole. Kwa wanaume alikuwa mkali mpaka niliona anawaonea. Hakupokea mkojo ulioletwa na chupa kutoka nyumbani, hata kama mtu ametoka mbali. Utakojoa hapa hapa, asubuhi, wa kwanza, mimi nakusubiri. Wanaume walibisha. Mchimbaji mmoja alimwambia, "Mzee, mimi siumwi chochote, mke ndiye anayeumwa."

"Ndiyo maana nakuita. Angekuwa anakuuma ungekuja mwenyewe."

Akiwapa habari ya dawa aliwaonya pombe wasiguse mpaka wamalize. Huyo huyo mchimbaji alifikiri kidogo akasema bora abaki na mdudu. Mzee alimkalisha kwenye benchi, akamletea maji kwenye kikombe chake mwenyewe cha chai, akasimama mbele yake mpaka amemeza. Nikasema moyoni kwamba mtu huyu ana ugomvi na wanaume, labda kuna jambo nyumbani kwake. Nyumbani kwake hapakuwa na jambo. Mkewe alikuwa mama mnene mcheshi aliyetuletea viazi vitamu na maziwa ya mgando.

Na alikuwa hataki kuitwa daktari. Huku kwetu mtu yeyote mwenye koti jeupe ni daktari, hata anayefagia wodi akilivaa, na hakuna anayeona ubaya. Mzee aliona ubaya. "Shikamoo, daktari," mtu akimsalimia njiani, alijibu marahaba na hapo hapo akasimama kumsahihisha, mimi si daktari, mimi ni mtu wa maabara, hata kama aliyemsalimia ni ajuza amebeba kuni na anataka kupita. Nilidhani ni unyenyekevu. Niliwahi kumsifu kwa hilo mbele ya watu, akanyanyuka akatoka nje.

Siku aliponifokea tulikuwa tumeshafanya kazi pamoja muda mrefu. Nilikuwa nimeshajifungua binti yangu Salima, na yeye alikuwa ameacha kuniita binti, ananiita Mama Salima. Walikuja mtu na mkewe, vijana, mume anafanya kazi kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, nywele zake zimejaa vumbi. Kipimo cha mke nilikisoma mwenyewe, kikiwa na joto, kama nilivyofundishwa. Walikuwepo. Mkojo wa mume niliuzungusha kwenye mashine, nikatazama masalia ya chini, sikuona kitu. Foleni ilikuwa imefika getini. Niliwaita dirishani, nikawapa majibu yao, nikasema, "Mama anao, Baba hana. Nendeni kwa daktari."

Mume alimtazama mkewe. Hakwenda kwa daktari. Alimshika mkono kwa nguvu wakatoka.

Mzee alikuwa nyuma yangu anaosha vioo. Akaniuliza, "Umewaambia nini?" Nikarudia maneno yangu. Nilikuwa sijawahi kumwona akikimbia. Kichupa kilimdondoka kwapani kikabingirika chini ya meza, na yeye ameshafika nje, koti linapepea, watu wa foleni wanasimama kuona kuna nini. Nilimfuata. Aliwakuta barabarani. Mume ameshapanda pikipiki ya kukodi, mke amesimama pembeni analia bila sauti. Mzee aliushika usukani wa pikipiki.

"Shuka, kijana wangu. Majibu yako hayajaisha kusemwa."

"Nimeshaambiwa, daktari. Mimi sina."

"Mimi si daktari. Shuka."

Aliwarudisha ndani, akafunga mlango, akatukalisha wote watatu, mimi nikiwemo, kama watoto. Alimweleza yule kijana polepole. Mkeo anao, huo ni ukweli. Wewe hukuonekana nao, na hiyo haina maana kwamba huna. Kwa mwanaume wanakuwa wachache, wanajificha kwenye njia ya mkojo na kwenye tezi, na kwa hadubini wanaume wengi walio nao tunawakosa. Na hata kama leo uko safi, sijui ulikuwaje mwaka jana. Mwili wa mwanaume unaweza kumfukuza wenyewe, ukabaki hujui kwamba alikuwepo. Kwa mwanamke anaweza kukaa miezi, hata zaidi, kimya, asimwume. Huenda mkeo alikuwa naye kabla hamjajuana. Huenda ni wewe.

"Kwa hiyo nani kaleta?" kijana akauliza.

"Sijui. Na wewe hujui. Na huyu Mama Salima aliyekupa majibu hajui. Hadubini inaona nani yupo, haioni nani alitangulia."

Daktari akawaandikia dawa, wakazimeza wote wawili mbele yetu. Wakiwa wanaondoka mume alimbebea mkewe pochi, jambo dogo, lakini Mzee aliwatazama dirishani mpaka wakapotea. Kisha akageuka, nikajiandaa kufokewa. Akanifokea kweli, kwa sauti ambayo sikujua anayo. Halafu akakaa kwenye kiti cha mgonjwa na sauti ikamwisha.

"Mama Salima, mimi nilishavunja nyumba ya watu kwa sentensi kama hiyo yako."

Ilikuwa kabla sijafika. Kulikuwa na mwanamke kijijini, karibu tu na pale, anaitwa Mama Minza, kwa jina la binti yake. Aliumwa muda mrefu, akapimwa, Mzee akamkuta na mdudu. Mume wake akaleta mkojo wake kwenye chupa ya soda, kutoka nyumbani, kwa baiskeli, na Mzee akauweka pembeni kwa sababu ilikuwa asubuhi ya malaria. Alipoutazama ulikuwa umepoa. Hakuona kitu. Isitoshe mume alimwambia mwenyewe kwamba alikuwa ametoka kumeza vidonge vya duka la dawa, vya tumbo, hakumbuki jina. Mzee aliyajua yote hayo, na kwamba vidonge vya namna hiyo huweza kumwua mdudu.

Mume akaitisha kikao cha wazee wa pande zote mbili, anataka ng'ombe wake wa mahari, mke amemletea ugonjwa wa nje. Akamwita na mtu wa maabara aje kusema. Maadili ya kazi yalimkataza kufungua mdomo juu ya mgonjwa, na hilo pia alilijua. Lakini walimtumia pikipiki. Wakampa kiti cha kuegemea, wazee wengine wamekaa kwenye vigoda. Wakamwita daktari.

"Nilikuwa kijana," alisema. "Nilipenda lile jina. Sijui kama unaelewa. Wazee wenye mvi wananiambia, tueleze, daktari."

Mzee mmoja akamwuliza, kwa mwanamke ulimwona? Akasema nilimwona. Kwa mwanaume ulimwona? Akasema sikumwona. Wazee wakanong'onezana. Na kulikuwa na nafasi pale, alisema, nafasi ya kutosha kabisa ya kuongeza maneno, na hakuongeza, kwa sababu ingebidi aseme mkojo ulipoa mezani kwake, na daktari hasemi hivyo. Mama Minza alikuwa amekaa chini, kwenye mkeka, na mama yake. Akanyanyua uso akamwuliza mbele ya wote, "Umemaliza, daktari?"

Akajibu, "Nimemaliza."

Ng'ombe walirudi, isipokuwa waliobakizwa kwa ajili ya mtoto, ili mtoto awe wa baba. Mama Minza alirudi kwao bila binti yake, na baadaye akaondoka hata huko kwao, watu walisema ameenda upande wa Bukombe. Minza akalelewa na bibi wa kwa baba.

Nilikuwa naliona dirisha la maabara yetu na kuyasikia maneno yangu, Mama anao, Baba hana, niliyoyasema huku nimeshanyoosha mkono kuchukua karatasi ya mtu mwingine. Ni mara ngapi nilikuwa nimeyasema, na nani alipanda pikipiki nikiwa sikumwona? Nilijisikia mchafu. Mpaka leo, foleni ikiwa ndefu na majibu ya namna hiyo yakinifikia mkononi, nawaita ndani wote wawili kwanza, na kuna siku nyingine nachoka, maelezo nayafanya mafupi, na nikifika nyumbani siwezi kula.

Nilimwuliza kwa nini hakumtafuta. Alisema alimtafuta. Hakumtafuta sana. Hivyo ndivyo alivyosema, na nilimheshimu kwa hilo kuliko angejitetea. Alisema kila alipokaribia kuanza safari alijiwazia akisimama mbele ya yule mama, akiulizwa, na alikuwa hana jibu zaidi ya lile la siku ile.

Alistaafu, macho yakaanza kumwandama. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, mtu aliyeishi kwa kuchungulia. Mimi nikahamishiwa Runzewe, upande huo huo wa Bukombe. Mji wa njia kuu, malori, mabasi, vijana wa dhahabu wanaoingia na kutoka, na nyuma ya soko kuna mama lishe wanaopika wali na samaki. Mmoja wao nilizoea kula kwake. Mama mrefu, mkimya, anafuta sahani mara mbili, anapokea oda kwa simu na kutuma chakula madukani. Alipojua nimetoka Segese akauliza kuna nini huko siku hizi. Nikamwambia kazi niliyokuwa nikifanya. Akaacha kufuta sahani.

"Yule kijana wa maabara yupo?"

"Yule sasa ni mzee, mama. Amestaafu."

"Alikuja kwenye kikao changu," akasema, na akaniwekea samaki.

Nilikaa na habari hiyo usiku mzima kabla ya kupiga simu. Mzee alikuja kwa basi, ameshikwa mkono na kondakta, amevaa ile suti ya kahawia. Nilimfikisha nyuma ya soko wakati wateja wamepungua. Hakukubali kukaa. Alisema shikamoo, ingawa yeye ndiye mkubwa, na yule mama akaiacha shikamoo ile hewani, hakuipokea. Mzee akasema yote. Chupa ya soda, asubuhi ya malaria, vidonge vya duka, kiti cha kuegemea. Alisema hata lile la kupenda kuitwa daktari. Mama Minza alisikiliza akiwa anachambua mchele, vidole vinasogeza mawe pembeni.

"Sasa umemaliza?" akauliza.

"Bado sijui, mama."

"Unaniambia mimi. Mimi nilikuwepo, mimi nilijijua. Si mimi uliyenidanganya." Akapeta mchele. "Mwanangu amekua anajua mama yake ni malaya. Nilienda shuleni kwao nimebeba mandazi, akaingia darasani akajificha. Huyo ndiye wa kumwambia. Yuko Kahama, wameniambia ana saluni Nyasubi. Mimi siendi. Akijificha tena nitakufa."

Nilitegemea Mzee atasema ni mbali, au macho. Aliuliza tu kama nina siku ya mapumziko.

Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja kwenye safu ya maduka ya Nyasubi, karibu na soko, kioo kikubwa na picha za misuko ukutani. Minza alikuwa anamsuka mwanamke mmoja. Nilimtambua kabla hajasema jina lake, kwa urefu na kwa ule ukimya. Alitukaribisha viti akidhani mimi ndiye mteja. Mzee akajitambulisha, akasema ana neno juu ya mama yake, labda wazungumze nje.

Vidole vya Minza vilisimama, vikaendelea. "Semea hapa, babu. Huyu ni rafiki yangu. Na mambo ya mama yangu kila mtu anayajua."

Basi yule mtu aliyeshindwa kanisani akayasema pale, hana koti, hana hadubini, redio ya jirani inaimba. Alitaja uke, alitaja njia ya mkojo, alitaja mdudu na mikia yake na jinsi anavyokaa kimya ndani ya mtu. Aliyekuwa anasukwa alitazama sakafu. Mzee alieleza alichokiona, alichokikosa na alichokijua akakificha, kwa mpangilio, bila kujihurumia.

"Kwa hiyo ni baba," Minza akasema.

"Sijui, ng'wanawane, mwanangu. Ningekuambia ni baba, labda ungefurahi, na mimi ningepumzika. Sijui. Huenda hata wao wawili hawakujua. Ninachojua ni kwamba mama yako alihukumiwa kwa maneno yangu, na maneno yangu yalikuwa nusu."

Minza alimaliza msuko mmoja, akaufunga uzi. "Aliniletea mandazi shuleni," akasema. "Nikawaambia wenzangu simjui yule."

"Hilo ni langu pia."

"Hapana, babu. Wewe una la kwako. Hilo ni langu."

Mzee alisimama kana kwamba ameitwa jina. Alivua kofia.

Kisha Minza akaniuliza kama nina namba ya mama yake. Mikono yake ilikuwa imejaa mafuta ya nywele, kwa hiyo mimi ndiye niliyeipiga kwenye simu yake, nikaiweka sauti kubwa, nikaiegemeza kwenye kioo. Iliita kwa muda. Ikapokelewa na kelele za sufuria.

"Shikamoo," Minza akasema.

"Marahaba." Sauti ilikuwa changamfu, sauti ya mtu aliye kazini. "Karibu mteja. Wali wa watu wangapi?"

Minza alimtazama rafiki yake, akanitazama mimi.

"Halo? Wa wangapi, mwanangu?"

"Wawili," Minza akasema. "Mimi na wewe, mama. Ni Minza."

Kule Runzewe sufuria zikanyamaza. Mzee wa Maabara alikuwa bado amesimama katikati ya chumba, macho yake meupe yameelekea kwenye simu, kofia mikononi, anasubiri mtu amwambie kama sasa amemaliza.